Mume wangu amebaki na pasi zake mbili za kusafiria, mimi naambiwa nichague moja

Shikamoo Mshauri,

Nakuandikia kutoka Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, ambako naishi tangu mwaka 2015. Nilikuja kwa viza ya muda mrefu ya kulea watoto katika familia moja ya huku, kama walivyokuja vijana wengi wa kwetu, kisha nikafanya mwaka wa kujitolea, nikaingia mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, na sasa ni muuguzi katika nyumba ya kulea wazee. Nina umri wa miaka 34. Ukaazi wa kudumu niliupata mwaka 2022, na siku hiyo nililia kwa furaha, kwa sababu kila aliyewahi kuishi ugenini kwa viza anajua jinsi ile tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye kibali inavyomkaa mtu rohoni hata pale anapocheka na wenzake.

Mume wangu ni Mkenya wa Malindi. Alitangulia kufika huku, na mwanzoni mwa 2025 alipewa uraia wa Ujerumani. Kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mzaliwa wa Kenya kuwa na uraia wa nchi nyingine, na kwa kuwa Ujerumani nayo tangu tarehe 27 Juni 2024 haimlazimishi mwombaji kuuacha uraia wake wa awali, yeye hakupoteza chochote. Mtoto wetu wa kiume, aliyezaliwa hapa mwaka 2021, ni Mjerumani tangu kuzaliwa. Ndani ya nyumba yetu mimi peke yangu ndiye ninayepanga foleni tofauti uwanja wa ndege.

Mume wangu ananihimiza nami niombe uraia wa Ujerumani, ingawa mimi ni Mtanzania na kwetu uraia wa nchi mbili hauruhusiwi. Ananikumbusha kwamba upepo wa siasa za Ulaya kuhusu wageni unabadilika, kwamba kibali hata kikiitwa cha kudumu bado ni kibali, na kwamba mtoto anastahili wazazi wenye msimamo mmoja. Mimi mwenyewe nimeshafanya mtihani wa uraia, ule wa maswali 33 unaotaka upate angalau 17, na nimefaulu. Fomu nimeijaza. Kilichobaki ni kuipeleka pamoja na ada ya euro 255, na hapo ndipo ninaposhindwa kunyanyua mguu.

Marehemu baba alifariki mwaka 2023. Ametuachia shamba la michungwa kijijini kwetu, wilayani Muheza, na nyumba anayoishi mama. Sisi watoto tuko watatu: kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyeolewa Korogwe. Mirathi haijafunguliwa hadi leo. Kila nikiuliza, kaka anasema shamba halikimbii. Aliposikia kwamba nafikiria uraia wa huku, alinipigia simu na kuniambia waziwazi kwamba mtu akishashika pasi ya Ulaya hana tena sehemu katika ardhi ya Tanzania, hivyo ni bora niandike mapema kwamba nimemwachia fungu langu ili kusije kukatokea matatizo ya kisheria. Sikumjibu. Tangu utoto kaka ndiye aliyenisomesha pale baba alipoishiwa, na kumkatalia kwangu ni jambo zito.

Mama naye analia. Anasema nikiukana uraia nimemkana na baba aliyelala pale, na anauliza nikifa nitazikwa wapi. Mama ana kisukari, na macho yamepungua sana nguvu. Mimi huwahudumia wazee wa watu usiku na mchana, nawaosha na kuwalisha, ilhali mama yangu anaongozwa na mtoto wa jirani kwenda kliniki. Nimekuwa nikitamani nichukue mwaka mmoja nikakae naye, lakini nimeambiwa nikikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita ukaazi wangu unakufa. Kwa hiyo mume wangu anasema: chukua uraia, kisha ukakae na mama hata miaka miwili, hakuna wa kukuuliza.

Watanzania wenzangu huku wananishauri kwa sauti ya chini kwamba nichukue pasi ya Ujerumani na ile ya Tanzania niendelee nayo, kwani wengi wanafanya hivyo na hakuna anayejua. Mimi si mtu wa kuishi kwa kujificha. Lakini nikitazama, naona nimefungiwa njia mbili tu, na kila moja ina msiba wake. Nisaidie kufikiri.

Binti wa Muheza, Bremen

*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya yote nakupa pole kwa msiba wa mzee, kwa sababu naona kwamba mambo mengi uliyoyaandika yalianza pale alipoondoka.

Unavyolieleza, tatizo lako ni kuchagua pasi. Mimi nikilisoma naona umebeba mambo matatu ambayo kila mmoja katika familia ameyafunga ndani ya pasi hiyo kwa sababu zake. Mume anazungumzia usalama wa makazi yenu. Kaka anazungumzia shamba. Mama anazungumzia hofu ya kukupoteza wewe. Haya hayana jibu moja, na kinachokuumiza, kwa maoni yangu, ni kwamba unatafuta saini moja itakayowaridhisha wote watatu kwa pamoja.

Tuanze na sheria, ili tujue tunasimama wapi. Mume wako hakosei anaposema hakupoteza kitu, ila anazungumza kwa sheria ya kwao. Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Mtanzania aliyefikisha miaka 18 akipata uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, uraia wake wa Tanzania unakoma. Hakuna kikao kitakachoitishwa kukuvua wala barua itakayokuonya. Ujerumani kutokukudai uache uraia wako hakubadilishi neno lolote katika sheria ya nyumbani, na wengi wa ndugu zetu walioko huko wameteleza hapo hasa. Hata mwanao litamgusa: kwa kuwa mama yake alikuwa Mtanzania alipozaliwa, sheria yetu inamvumilia na uraia zaidi ya mmoja akiwa mtoto, lakini akifikisha miaka 18, mwaka 2039, atatakiwa kuchagua. Mjadala wa uraia pacha umekuwapo nchini kwa miaka mingi, na huenda wakati huo mambo yatakuwa mengine. Hata hivyo nisingependa upange maisha yako juu ya sheria ambayo haijatungwa.

Sasa nikuombe tuyachunguze mambo machache ambayo umeyapokea kama yalivyo.

La kwanza ni maneno ya kaka. Ni kweli kwamba asiye raia hagawiwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji chini ya sheria za uwekezaji. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na ardhi ya kijiji, ambayo huenda ndiyo lilipo shamba la mzee, inamilikiwa kwa hakimiliki ya kimila ambayo ni ya raia. Hofu yake basi haikutoka hewani. Lakini tazama mpangilio wake. Wewe leo ni raia kamili. Baba alifariki ukiwa raia. Haki yako katika mirathi ipo sasa, na haihitaji kungoja uamuzi wowote wa Bremen. Kama familia yenu inafuata sheria ya Kiislamu, kama ninavyodhani kwa jinsi ulivyoandika, mama ana thumuni yake, yaani moja ya nane, na kinachobaki hugawanywa mtoto wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Kwa hesabu hiyo wewe na mdogo wako kwa pamoja mna fungu sawa na la kaka. Kwa nini basi jambo la pasi yako lizuie fungu la mama na la mdogo wako, ambao hawajaomba uraia wa mtu? Je, mdogo wako ameambiwa nini? Sijasikia sauti yake popote katika barua yako, nami ningependa uisikie kabla ya kumjibu kaka.

Simshtaki kaka yako. Huenda anaamini kwa dhati kwamba anaokoa shamba lisije kuingia mgogoro, na aliyekusomesha anastahili kusikilizwa kwa heshima. Lakini heshima haikulazimishi kuandika kwamba umeachia haki yako kabla mirathi haijafunguliwa na kabla hujajua kilichomo. Njia ya kawaida iko wazi: kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari wake unaandikwa, na anayependekezwa anakwenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo kuomba kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi huyo anawajibika mbele ya mahakama, awe kaka, mama au mwingine. Ukiwa mbali unaweza kuwakilishwa kwa hati ya uwakilishi, na ubalozi wetu wa Berlin utakueleza namna ya kuithibitisha. Baada ya mgawanyo, kama moyo wako utataka kumpa kaka sehemu yako kwa shukrani ya aliyokutendea, utakuwa umetoa zawadi unayoijua thamani yake, nayo itampendeza yeye na kukuacha wewe huna kinyongo.

La pili ni hilo la miezi sita, na hapa naona kuna mlango ambao hukuonyeshwa. Ni kweli kwamba ukaazi wa kudumu wa Ujerumani kwa kawaida unakoma mwenye nao akikaa nje zaidi ya miezi sita. Lakini sheria yao ya ukaazi inairuhusu ofisi ya wageni kumpangia mtu muda mrefu zaidi ikiwa sababu ya kuondoka ni ya muda kwa asili yake, na kwenda kumuuguza mzazi ni sababu ya kuiweka mbele yao. Sharti ni kuomba na kupewa jibu kwa maandishi kabla ya muda huo kwisha, na afadhali kabla hujapanda ndege. Vilevile kuna ukaazi wa kudumu wa Umoja wa Ulaya, ambao mtu anaweza kuuomba akiwa ameishi kihalali miaka mitano na kutimiza masharti mengine, nao unavumilia miezi kumi na miwili mfululizo nje ya nchi za Umoja huo. Haya hayamaanishi kwamba utakubaliwa, na likizo isiyo na malipo bado utaiomba kwa mwajiri wako. Yanamaanisha kwamba huo mwaka na mama huenda ukawezekana bila kuugusa uraia wako.

Mume wako anasema uraia wa Ujerumani utakupa uhuru wa kukaa na mama muda wowote. Hapo ningemwomba, kwa upole, ageuze jambo aliangalie upande wa pili. Ujerumani hawatakuuliza, ni kweli, maana raia haulizwi alikuwa wapi. Lakini Tanzania watakuuliza. Ukishakuwa Mjerumani utaingia kwenu kwa viza, ile ya kawaida ya dola 50 ambayo haizidi siku 90, na mwaka mzima kando ya kitanda cha mama utahitaji kibali kingine. Leo uko huru Muheza na umewekewa mpaka Bremen. Kesho utakuwa huru Bremen na umewekewa mpaka Muheza. Mume wako hawezi kulihisi hili, kwa sababu yeye akitua Mombasa ni mwenyeji. Mketi naye mlizungumze kwa kirefu, kwani naamini hajawahi kulazimika kulifikiria.

Ipo njia ambayo huenda italegeza mpaka huo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na ya Sheria ya Ardhi ili kuweka hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania ambao ni raia wa nchi nyingine. Nakusihi usiitegemee kwa kusikia, wala kwa maelezo yangu haya mafupi. Hadhi hiyo si uraia, haikurudishii kura. Waulize ubalozini, kwa maandishi, mambo mahususi yanayokuhusu: inatolewaje sasa, inaruhusu kukaa kwa muda gani, na inasemaje kuhusu ardhi ya kijiji iliyorithiwa. Majibu ya maswali hayo yana uzito mkubwa katika uamuzi wako kuliko ushauri wa mtu yeyote, mimi nikiwamo.

Kuhusu wale wanaokushauri ukae na pasi mbili kwa siri, umeshajijibu mwenyewe uliposema hupendi kuishi kwa kujificha, nami nakuunga mkono. Niongeze tu kwamba hatari yake haiishii kwenye dirisha la uwanja wa ndege. Mtu anayetumia pasi ya nchi ambayo kisheria si raia wake tena anajiweka hatiani, na shamba alilolipata kwa kujitangaza raia linaweza kuhojiwa na yeyote atakayekuwa na ugomvi naye. Katika familia ambayo tayari ina mvutano wa ardhi, siri ya namna hiyo ni kumkabidhi mwingine silaha na kumwomba asiitumie.

Nimemwacha mama mwishoni, ingawa ndiye aliyenigusa zaidi. Anapouliza utazikwa wapi, sidhani kama anauliza habari za Uhamiaji. Hakuna kitu katika sheria ya uraia kinachokuzuia kulala kando ya baba yako, na hilo unaweza kumwambia leo kwa uhakika. Lakini hata ukimwambia, huenda asitulie, kwa sababu analia kwa kuzeeka macho yakipungua, mtoto aliyezoea kumtunza mgonjwa akiwa mbali. Nadhani unalijua hilo, na ndiyo maana uliandika habari za mtoto wa jirani anayemshika mkono. Ingekuwaje kama badala ya kumweleza mama kuhusu pasi ungemweleza kuhusu huo mwaka unaoutamani? Muulize anataka nini kwako. Inawezekana atasema njoo, na inawezekana atakushangaza kwa kusema kaa na mwanao, nitumie mtu wa kunisaidia nyumbani. Hata mzee asiyeona vizuri ana mawazo yake kuhusu namna anavyotaka kutunzwa. Wewe katika kazi yako unalijua hilo kuliko mimi.

Nikitazama yote kwa pamoja, naona zipo njia zaidi ya mbili ulizoziona. Unaweza kuipeleka fomu sasa, ukijua kwamba katika miji mingi maombi huchukua miezi mingi na kwamba uraia wako wa Tanzania unakoma siku utakapopewa ule wa Ujerumani, si siku ya kuomba. Faida yake ni usalama anaouzungumzia mume wako, ambao siudharau hata kidogo, kwani mama wa mtoto mdogo ana haki ya kutaka ardhi iliyotulia chini ya miguu yake. Hatari yake ni kwamba mirathi inaweza kukukuta katikati, na kaka akawa na hoja ambayo leo hana. Unaweza kuisimamisha fomu mpaka mirathi igawanywe na mwaka wa mama upite, kisha ukaamua. Hapo hatari ni kwamba sheria za Ujerumani nazo hubadilika. Mwaka 2025 huohuo waliifuta njia ya haraka ya miaka mitatu waliyokuwa wameiweka mwaka uliotangulia, ingawa miaka mitano ya kawaida imebaki, nawe umeshaipita. Au unaweza kubaki na ukaazi wako bila kuomba uraia kabisa, kama wanavyoishi wengi, ukikubali kwamba hutapiga kura huko na kwamba kila safari ndefu huenda ikahitaji ruhusa. Hakuna kati ya hizi iliyo usaliti. Mtu anayekuambia kwamba umemkana baba yako kwa kuwa umebadili karatasi amesahau kwamba ni wewe unayetamani kuchukua mwaka mzima ukakae na mama.

Sitakuchagulia. Wewe ndiye utakayeishi ndani ya uamuzi huo, pamoja na mume wako na mwanao. Ninachokuomba ni usikubali kuharakishwa na simu ya kaka wala na upepo wa siasa, kwa kuwa katika barua yako yote sijaona tarehe hata moja inayokulazimisha uamue mwezi huu. Kinachoonekana kuwa na haraka ni afya ya mama, na cha pili ni kufungua mirathi.

Kwa hiyo mpigie mdogo wako kwanza, umwombe aulizie kilipo cheti cha kifo cha marehemu. Kisha iandikie ofisi ya wageni ya Bremen kuhusu kumuuguza mama, na ubalozi kuhusu hadhi maalum. Majibu yakifika, kaa na mume wako mkiwa mnayo mezani, na kama bado kutakuwa na fundo, niandikie tena. Nisalimie mama.